Mpaka Mmoja Wenu Apasi

Mwalimu Lukresia alipenda kujisifu kwamba yeye angeweza kulifundisha hata jiwe kugawanya kwa desimali. Akishasema hivyo aliyatazama madawati matupu, kisha akaongeza kwamba jiwe ni afadhali, maana jiwe haliitwi nyumbani kuchunga ng'ombe.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoletwa kufundisha shule moja ya mlimani, juu ya Qurus, upande wa Karatu. Jina la shule tuliache. Wenyewe wangali hai na midomo wanayo. Ilikuwa mwaka 1979. Yeye kwao Kibosho, na alishuka kwenye lori la maharage na sanduku la bati, godoro lililokunjwa, na sauti ambayo akiita mahudhurio, ng'ambo ya korongo watu waliitika. Shule ilikuwa na madarasa saba na walimu wawili. Wa pili alikuwa mwalimu mkuu, Mwalimu Wilibrodi, Mwiraqw wa hapo hapo, mtu mpole aliyefundisha akiwa ameketi, na ikifika saa saba mchana akafundisha akiwa amefumba macho.

Kabla yake walimu walikuwa wanapita tu. Mmoja alikaa wiki tatu. Mwingine alikaa mpaka sukari aliyokuja nayo ilipokwisha. Mwingine aliliona tope la mwezi wa nne, akasema anakwenda kununua viatu vya mpira Karatu, na hadi leo anachagua saizi.

Lukresia hakukimbia. Alifundisha darasa la tatu hadi la saba kwa zamu, akikimbia kutoka chumba hadi chumba kama mama mwenye vyungu vitano jikoni. Watoto wakampenda. Ilipofika Desemba, siku ya kufunga shule, aliona kuwasomea wazazi nani kawa wa kwanza na nani wa mwisho hakutoshi. Alitaka kila mtoto wa darasa la tano na la sita asimame mbele ya watu, ataje lengo lake. Lengo la moyoni, aliwaambia, mtu analisahau akiona embe. Lengo lililosemwa mbele ya majirani litakukaba shati.

Sasa hapo ndipo alipojiharibia. Alikuwa amemwona Mzee Felisiani, mwenyekiti wa kijiji, asubuhi na mapema akiwa amesimama mlangoni kwake, ameelekea jua linalochomoza, mikono juu, midomo ikicheza. Lukresia aliona jambo hilo linapendeza. Akaona litachangamsha sherehe, kama maua mezani. Kwa hiyo siku ile aliwapanga watoto mstari mmoja, akawageuza waelekee jua, akawaambia wainue mikono na waape.

Wa kwanza alikuwa Nanyokie, binti wa Kimaasai kutoka upande wa Ngorongoro, aliyekuwa akikaa kwa rafiki wa baba yake apate kusoma.

"Mimi Nanyokie naapa nitakuwa bibi mifugo. Nitachoma sindano ng'ombe wote wa baba. Wa jirani yetu Moloimet sitawachoma, kwa sababu mbwa wake alining'ata."

Watu wakacheka. Akafuata Evarista, binti wa Mzee Felisiani mwenyewe, mwembamba, macho makubwa. "Naapa nitakuwa nesi," akasema, akarudi nyuma haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Mmoja akaapa kuendesha trekta. Baada ya hapo mstari ukakwama. Watoto waliinamisha vichwa, vidole vya miguu vikichimba ardhi.

"Mnaogopa nini?" Lukresia akawaambia. "Kuapa kunauma? Haya, nitazameni mimi!" Akalielekea jua, akainua mikono yote miwili, akaachia ile sauti yake ya mahudhurio. "Mimi Lukresia naapa mbele ya jua hili: sitaihama shule hii mpaka mmoja wenu apasi kwenda sekondari!"

Alitegemea makofi. Hakuna aliyepiga. Wazee waliokuwa wameketi kwenye nyasi walisimama, mmoja baada ya mwingine. Mzee Felisiani akavua kofia. Mama mmoja akamziba mtoto mdomo.

Mwalimu Wilibrodi alifumbua macho. Akamsogelea taratibu. "Mwalimu, umefanya nini?"

"Nimewahimiza watoto."

"Hapana. Umejifunga." Akanong'ona, "Sisi jua tunaliita Looa. Na Mungu tunamwita Looa. Ni neno moja, mwalimu. Hapa mtu haapi mbele ya Looa kwa kuchangamsha sherehe. Akiapa akavunja, haumii yeye peke yake. Mvua ya mawe haiulizi shamba la nani."

"Lakini si ninyi Wakristo? Mzee Felisiani si katekista?"

"Ni katekista Jumapili. Jua linatoka kila siku."

Wazee walikaa kikao hapo hapo, vumbi la sherehe halijatulia. Waliona viapo vya watoto havina neno: hakuna mtoto aliyetaja mwaka. Aliyesema atakuwa nesi ana muda mpaka meno yamng'oke. Lakini mwalimu ametaja sharti, na sharti lina mlango mmoja tu wa kutokea.

Lukresia alicheka mpaka akashika mbavu. Wakati ule kucheka kulikuwa rahisi, maana hakuwa na safari yoyote.

Safari ilikuja na Clemensi. Clemensi alikuwa fundi umeme wa Moshi mwenye baiskeli ya taa mbili na meno mazuri, na Lukresia alikutana naye likizo ya Juni 1980, kwenye harusi ya binamu yake. Mpaka likizo inakwisha alikuwa ameahidiwa nyumba ya vyumba viwili yenye swichi ukutani. Akarudi Qurus anaimba. Darasa la saba walifanya mtihani mwezi wa kumi, watoto kumi na tisa, na yeye hakuwa na wasiwasi hata chembe. Walikuwa wakijibu darasani mpaka anawaambia wanyamaze.

Januari yakaja majibu. Kupasi, hakuna.

"Hakuna hata mmoja?" aliuliza.

"Mtihani una mambo yake," alisema Mwalimu Wilibrodi, akitazama pembeni.

Basi Lukresia akajilaumu mwenyewe. Akaona hakufundisha vya kutosha. Mwaka 1981 alianza masomo ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mchakamchaka. Akaongeza ya Jumamosi. Alichora tenki la maji ubaoni, akalijaza, akalitoboa, akawauliza linakauka baada ya saa ngapi. Evarista alikuwa anajibu kabla swali halijaisha, halafu anaziba mdomo. Na kila alipozidi kufundisha, ndivyo kijiji kilivyozidi kumlea. Kuni alizikuta mlangoni. Maharage, maziwa ya mgando, jogoo amefungwa miguu. Wanawake walimjengea jiko. Alipougua malaria walikuja wanne kwa zamu, wakamkalia kitandani kama kuku anayetamia.

"Mwalimu wetu," walisema. Akashukuru. Lakini usiku akilala alihisi lile neno "wetu" limemkalia kifuani.

Mwezi wa nane barua ya uhamisho ikaja: aripoti Moshi Januari 1982. Harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo huo. Akaipeleka barua kwa Mzee Felisiani, maana bila muhuri wa kijiji hakuna mwalimu aliyeruhusiwa kuondoka, wala dereva wa kumpakia na mizigo yake.

Mzee Felisiani alimkaribisha kiti, akamwita mkewe alete uji. Muhuri ulikuwa juu ya meza, kando ya kidau cha wino. Lukresia aliweza kuufikia kwa mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimesikia unaolewa. Tumefurahi sana."

"Asante mzee. Nimeleta barua, unigongee muhuri."

"Nitagonga kwa mikono miwili." Akanyanyua kikombe. "Mmoja akipasi."

"Mzee, kiapo kile nilisema kwa kuwachangamsha watoto tu!"

"Najua. Ulisema kwa sauti nzuri sana. Hata kijiji cha Daa walisikia." Akanywa uji. "Mwanangu, mimi sikuzuii. Nani anakuzuia? Pasisha mmoja, uende. Kazi yako si kupasisha?"

Lukresia akaikunja barua. Kazi yake ilikuwa kupasisha.

Mtihani ulipofika, wasimamizi walitoka shule nyingine kama ilivyo desturi, na yeye alikaa nje chini ya ukuta akiuma kucha. Watoto ishirini na mmoja waliingia. Walitoka mapema mno, wamenyooka, hawaongei. Nanyokie alipita mbele yake anatazama mawingu.

"Ulikuwaje?" Lukresia akamuuliza.

"Mgumu, mwalimu."

"Tenki lilikuwepo?"

"Tenki lilikuwepo." Nanyokie akataka kucheka, akajizuia, akakimbia.

Shule ikafungwa Desemba, malengo yakaapwa upya mbele ya jua, maana kijiji sasa hakikubali kufunga mwaka bila sherehe hiyo, na Lukresia akasimama pembeni amekunja mikono, haapi chochote, hata kwamba ana kiu. Kisha ikaja barua ya Clemensi. Padre ameshatangaza ndoa mara mbili. Ya tatu ni Januari. Mama yake anauliza kama bibi harusi yupo kweli au ni picha tu. Chini kabisa ameandika: binti wa mzee wa kanisa, wa jirani, naye anauliza habari zako kila siku.

Lukresia aliisoma mara nne. Kisha akakata shauri atoroke.

Njia ya Arusha aliifikiria, akaiacha. Kila dereva wa lori Karatu alikuwa na mpwa, shemeji au deni la jogoo pale kijijini. Akapiga hesabu nyingine: atapanda badala ya kushuka. Atakwenda hadi geti la Ngorongoro, asubiri Landrova ya watalii inayotoka kreta kurudi Arusha moja kwa moja. Dereva wa watalii hajui habari za viapo vya Qurus. Akaacha sanduku, akachukua kikapu, akafunika viatu vya harusi na mchicha, akaondoka kama aendaye sokoni. Trekta ya kuni ikamsogeza mpaka getini.

Ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba geti lenyewe alilijua kwa kugonga goti. Alikaa kwenye jiwe asubuhi yote. Magari hayakuwepo. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe watalii walikuwa wameadimika, hili alilijua, ila alikuwa amelisahau kwa makusudi. Maji yalidondoka kwenye miti, yakaingia shingoni. Kila alipogeuka aliona weupe ule ule, mbele, nyuma, kulia, kana kwamba mtu amemfunika kwa beseni.

Saa saba Landrova moja ikaja, ndani Wazungu wawili wamejikunyata. Akaipungia. Dereva akashusha kioo.

"Kaka, unisaidie mpaka Arusha. Nina mgonjwa."

Dereva akamtazama usoni, akatazama mchicha, akatabasamu. "Dada, wewe si yule mwalimu wa kiapo?"

"Mwalimu gani? Mimi muuza mchicha."

"Mdogo wangu yuko darasa la tano kwako. Anasema unamwita Tenki, kwa sababu ya kichwa chake." Akapandisha kioo nusu. "Nisamehe, mwalimu. Mama ana mahindi ekari mbili pale. Mawe yakishuka nitamwambia nini?"

Akawasha gari. Askari wa geti, aliyesikia yote, akamletea mwalimu chai kwenye kikombe cha bati, kwa heshima kubwa, na hakumwondolea macho tena.

Haikupita saa nzima, punda watatu wakatokea kwenye ukungu, na nyuma yao mzee mrefu mwenye shuka nyekundu. Ni Ngoitiko, baba yake Nanyokie.

"Takwenya!"

"Iko," akaitikia Lukresia. Hilo alikuwa amefundishwa na Nanyokie.

"Mwalimu! Umepanda mlima kote huku, umekuja kumwona mtoto?"

Askari alimtazama. Punda walimtazama. "Ndiyo," akasema Lukresia. "Nimekuja kumwona Nanyokie."

Kwa hiyo ikabidi akamwone. Walitembea kwenye baridi mpaka magoti yakafa ganzi. Akanyweshwa maziwa kibuyu kizima, akalazwa kwenye ngozi, akaambiwa awafundishe watoto wote wa boma kuhesabu, na siku ya tatu Ngoitiko akamrudisha mwenyewe kwa miguu hadi Qurus, mpaka mlangoni kwake, kisha akaenda kumkabidhi kwa Mzee Felisiani jinsi mtu anavyomrudisha mtamba wa jirani aliyevuka mpaka.

"Yupo salama," alisema Ngoitiko. "Amekonda kidogo. Mpeni maziwa."

Tangu siku hiyo sanduku la bati likahamishiwa ofisi ya kijiji. Kwa usalama, walisema, maana siku hizi wezi ni wengi.

Januari ikaingia. Majibu yalikuwa tayari kwa afisa elimu, Mbulu, na Lukresia akaomba aende kuyachukua mwenyewe. Wakamruhusu; sanduku lilikuwa limebaki. Alisafiri juu ya magunia ya mbaazi, akajitahidi asitumaini, akashindwa, akafika anatumaini kupita kiasi.

Karani alipitisha kidole kwenye orodha, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. "Shule yako... watahiniwa ishirini na mmoja. Hakuna."

"Tazama tena, tafadhali."

"Nimetazama, mwalimu. Na mwaka jana hakuna. Unajua kuna shule hapa haijapata mwalimu tangu Pasaka? Nayo imepasisha mmoja." Akavuta droo, akatoa karatasi yenye muhuri mkubwa wa bluu. "Chukua hii umpelekee mwalimu mkuu wako."

Lukresia hakuisoma. Aliikunja, akaitia kwapani, akatoka nje, akakaa ukingoni mwa barabara. Alijiona yuko pale pale mlimani na miaka hamsini, meno hayapo, anatoboa tenki. Clemensi ana wajukuu. Lori likaja, akapanda.

Uongo haukumjia wote kwa pamoja. Kwanza aliona tu muhuri ule ulivyo mkubwa. Halafu akafikiri kwamba pale kijijini hakuna anayeomba kusoma barua ya serikali. Wanatazama muhuri, wanavua kofia. Kisha jina likaja lenyewe: Evarista. Nani angebisha? Mtoto mwenyewe kichwa chake kilijulikana hadi Daa. Mwalimu atagongewa muhuri leo, kesho yupo Moshi, na wiki ijayo ataandika kwamba kumetokea makosa, nafasi imefutwa, serikali ina mambo. Hapo palimchoma. Alimwona Evarista amesimama na sanduku jipya, anasubiri gari. Akageuza uso upande mwingine, akatazama ngano, akajiambia mtoto ni mdogo, atasahau. Gurudumu likapiga shimo, akauma ulimi. Akaona amestahili, lakini hakubadili nia.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani pa shule kumsubiri. Wazee mbele, wanawake kwenye nyasi, watoto wa darasa la saba wamejipanga pembeni. Ngoitiko naye alikuwa ameteremka, ameegemea fimbo. Lukresia alisimama mahali pale pale alipoapia, akaifunua karatasi, muhuri ukielekea watu.

"Ndugu wazazi," akasema. "Mwaka huu Looa ametusikia. Amepasi mmoja! Evarista, binti wa Felisiani, amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza!"

Alisubiri vigelegele. Ukaja ukimya. Alikuwa ameshausikia ukimya wa namna hiyo mara moja maishani, na haukumletea heri.

Mzee Felisiani aligeuka polepole. "Evarista."

"Naam, baba."

"Umepasi?"

"Sijapasi, baba."

"Mwalimu anasema umepasi."

"Baba, sijapasi!"

"Basi umepasije?" mzee akapaaza sauti. "Si tulikubaliana? Si nilikukalisha mimi na mama yako?"

Mama mmoja akaruka kutoka kwenye nyasi. "Wetu walitii! Wangu mimi alitii mpaka akalia! Kumbe wa mwenyekiti ndiye aliyefungua zizi!"

"Aibu!" akadakia mwingine. "Mwaka juzi kaka yake alitii, huyu kajitia akili nyingi!"

"Nanyokie," akaita Ngoitiko, "na wewe?"

"Mimi nilichora ng'ombe tu, baba."

Evarista akaanza kulia kwa sauti. "Baba, haki ya Mungu niliandika jina na namba tu! Maswali niliyajibu kichwani! Yote niliyajibu kichwani, hata la tenki, lakini kwenye karatasi sikuweka hata moja! Waulize wenzangu! Jina na namba, nikaweka kalamu chini kama ulivyosema!"

"Kweli, mzee," wakasema wenzake wa mstarini. "Sote tuliweka kalamu chini."

Lukresia alisikia maneno hayo yakimfikia moja moja. Jina na namba. Watoto kumi na tisa, halafu ishirini na mmoja. Masomo ya saa kumi na mbili, umande miguuni, chaki imemkausha vidole. Aligeuka kwa Mwalimu Wilibrodi. Mwalimu Wilibrodi alikuwa amefumba macho, ila kope zilikuwa zinacheza.

"Wote?" akauliza. "Miaka yote miwili?"

"Mwalimu," alisema Mzee Felisiani, na hasira ikamtoka, akabaki mzee tu. "Kabla yako walikuja saba ndani ya miaka minne. Mwaka mmoja shule ilikaa na Wilibrodi peke yake mpaka mbuzi wakazalia darasani. Nina watano nyumbani nyuma ya huyu. Wewe ukasema kwa mdomo wako: mmoja akipasi, naondoka. Sasa ningefanyaje? Mmoja aende, mia mbili wabaki na mbuzi?"

Lukresia alifungua mdomo aseme kwamba wangemwomba tu, wangemwambia. Akakumbuka viatu vya harusi chini ya mchicha, akaufunga.

Mzee Felisiani alivaa kofia. Kisha akaivua tena. Wazo lilikuwa linampanda usoni, hatua kwa hatua, kama mtu anayepanda ngazi na gunia.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kama aliandika jina na namba tu... amepasi kwa lipi?"

Uso mmoja ukageuka, kisha wa pili, kisha uwanja wote. Hata mtoto wa mgongoni aligeuka.

"Ni... siku hizi serikali," alisema Lukresia. "Siku hizi serikali wanaangalia mwandiko."

"Mwandiko."

"Mwandiko wa jina, mzee. Evarista ana mwandiko mzuri sana."

"Mwandiko mzuri anao," mzee alikubali. "Hebu isome hiyo barua, mwalimu. Tusikie walivyousifu."

"Si nimeshasema, mzee? Nimeshasema yaliyomo."

"Basi mpe mwenyewe asome. Barua si yake?"

Lukresia aliishika karatasi kwa nguvu, lakini Evarista alikuwa ameshanyoosha mikono miwili, kwa adabu, kama alivyomfundisha yeye mwenyewe kupokea kitu cha mkubwa. Hakuweza kuinyang'anya mikono ile mbele ya watu. Akaiachia.

Evarista alifuta machozi kwa mgongo wa mkono, akakohoa, akasimama wima. Akasoma kwa sauti ya wazi, hakujikwaa mahali, kwenye kila mkato akivuta pumzi, kwenye kila nukta akitulia.

"Kwa Mwalimu Mkuu. Yahusu: maombi ya chaki na mafagio. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi hii inasikitika kukuarifu kwamba, kutokana na upungufu uliopo, chaki nyeupe zitatolewa boksi mbili, na za rangi hazitatolewa. Mafagio shule ijitegemee."

Alifika mwisho, akaigeuza karatasi, akatazama nyuma.

"Na jina lako," akauliza Mzee Felisiani, taratibu, akimtazama mwalimu wala si binti yake, "wameliandika wapi?"

"Halimo, baba," alisema Evarista.